SAFARI YA MASOMO SI MATEMBEZI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Rodi Kopany. Inachapwa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kufika.)



Najua wengi wenu mmetoka mbali. Wengine mmetoka Ndhiwa kwenye miwa, wengine Homa Bay, wengine Rongo, na wako waliofunga meza zao za biashara hapa njia panda ili waje kusikiliza. Kwa hiyo sitapoteza wakati wenu.

Habari yenyewe mnaijua. Vijana wetu wanaosoma ufundi, ambao ni watoto wa wanachama, wameleta ombi. Wanataka kwenda India kwa safari ya masomo ya wiki tatu, wakaone viwanda vya sukari, vyama vya ushirika na vyama vya wafanya kazi. Sehemu ya nauli wameipata wenyewe na kwa wazazi wao. Sehemu iliyobaki wanaomba itoke katika mfuko wetu wa elimu. Kamati imegawanyika nusu kwa nusu, na sasa neno ni lenu. Kabla hamjapiga kura, nimeombwa niwaeleze safari kama hizi zimetuletea nini zamani, na tungoje nini kwa hii.

Nianze na mzee wetu aliyesimama katika mkutano uliopita akauliza: "Tutalipaje nauli ya ndege na mkata miwa hana buti?" Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Swali lile ni la haki, na nitalijibu kabla sijakaa. Lakini kwanza nipeni ruhusa tutazame nyuma kidogo.

India si nchi ya mbali kama tunavyodhani. Ni jirani yetu. Kati yetu iko bahari tu. Kabla ya meli za moshi, majahazi yalikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Neno duka limetoka huko. Neno pesa limetoka huko. Chapati tunayokula na chai asubuhi imetoka huko, na fedha ya nchi hii ilikuwa rupia hadi mwaka 1920. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 waliochukuliwa India kwa mkataba. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Walikuwa wafanya kazi kama sisi.

Na chama cha wafanya kazi nacho kina deni huko. Wako wanaosema kwamba vyama hivi tulifundishwa na Waingereza. Si kweli yote. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya akiwa kijana mwaka 1927. Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanya kazi Nairobi, akakifungua kwa watu wa rangi zote wakati ambapo kila rangi ilikuwa na mtaa wake, shule yake na hata choo chake. Kisha akaenda India. Huko alifanya kazi na wafanya kazi wa viwanda vya nguo vya Ahmedabad, na mwezi wa Mei 1940 serikali ya Waingereza ikamkamata na kumfunga bila hukumu. Aliporudi Kenya mwaka 1947 walijaribu kumfukuza, wakashindwa. Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai walianzisha Shirikisho la Vyama vya Wafanya Kazi vya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru wa nchi hizi wazi wazi. Mwezi wa Mei 1950 akakamatwa, na hakuachwa huru mpaka Oktoba 1961. Hesabuni miaka hiyo: ni zaidi ya kumi na mmoja. Hivyo ndivyo mtu anavyolipa kwa kile alichojifunza, akitaka kukitumia kwa ajili ya wenzake.

Sasa nije nyumbani. Mwaka 1953 nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, na Mwafrika aliyetaka kutoka nje alitazamwa kwa jicho baya. Wakati huo Kamishna wa India mjini Nairobi alikuwa Apa Pant, aliyefika mwaka 1948, naye alikuwa akiwasaidia vijana wa Kiafrika kupata nafasi za masomo India. Mwaka ule Jaramogi Oginga Odinga alikwenda India kwa miezi miwili. Hakwenda kama mwanafunzi wa darasani. Alikuwa mtu mzima, mwalimu wa zamani, na mwendeshaji wa shirika la biashara ambalo Wajaluo walilichangia hisa kidogo kidogo tangu 1947. Alikwenda kuona jinsi watu waliotoka chini ya Waingereza mwaka 1947 walivyokuwa wakijitegemea.

Wengi walisafiri nje wakati ule, na wengi tumewasahau. Tunaikumbuka safari ya Jaramogi kwa sababu aliporudi aliandika kitabu, na alikiandika kwa Kijaluo: Dweche Ariyo e India, yaani Miezi Miwili India. Angeweza kuandika kwa Kiingereza tu ili asifiwe Nairobi. Lakini alitaka mtu wa Sakwa, wa Kanyada na wa Karachuonyo, ambaye hatapanda meli maisha yake yote, aone kwa macho ya mwenzake. Ndugu zangu, hiyo ndiyo safari ya masomo: mmoja anakwenda, wengi wanajifunza.

Nitawakumbusha na mwingine wa hapa petu, Tom Mboya wa Rusinga. Baba yake alikuwa mmoja wa jopango, wale wanaokwenda kutafuta kazi mbali; alikuwa nyapara katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, na huko ndiko Tom alikozaliwa mwaka 1930. Alipokuwa kiongozi wa vyama vya wafanya kazi alikwenda kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955 na 1956, kwa msaada wa vyama vya wafanya kazi vya Uingereza. Aliporudi hakusema, "Mimi nimekwisha soma." Alitafuta njia ya kuwapeleka wengine. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilitoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Huko Marekani watu kama Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, na Harry Belafonte, mwimbaji, walisaidia kuchanga nauli. Lakini hapa nyumbani pia watu walichanga. Wazazi waliuza ng'ombe. Vijiji vilifanya karamu za chai za kuchangisha fedha. Wasio na mtoto wa kupeleka walichangia mtoto wa jirani.

Na vyama vya wafanya kazi vya dunia navyo vilijua kwamba chama bila elimu ni ngoma bila ngozi. Shirikisho la Kimataifa la Vyama Huru vilifungua chuo chake cha Asia huko Calcutta mwaka 1952, na mwaka 1958 likafungua chuo cha Afrika mjini Kampala. Makatibu wengi wa matawi walijifunza huko kuandika kumbukumbu za mkutano, kutunza hesabu ya ada na kukaa mezani na mwajiri bila kutetemeka. Vyuo vile havipo tena, lakini kazi yao haijakwisha.

Hayo ndiyo mema. Sasa niseme na ubaya, maana hotuba ya sifa tupu haisaidii mtu.

Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi mahali pengine, chini ya chama kingine ambacho sitakitaja. Tulichanga, tukampeleka ndugu mmoja ng'ambo kwa wiki tatu. Siku ya kuondoka tulimwimbia. Siku ya kurudi alikuwa na sanduku jipya na suti mpya. Tulingoja taarifa mwezi wa kwanza, tukangoja mwezi wa pili. Tulipomwuliza alisema, "Kule wenzetu wameendelea sana." Tukamwuliza wameendelea vipi? Akasema, "Sana." Hayo ndiyo maneno yote tuliyoyapata kwa fedha zetu. Tangu siku hiyo ada zikaanza kulipwa kwa shida, na hatukuweza kuwalaumu wanachama. Mtu mmoja alikula safari, na chama kizima kikapata ugonjwa wa tumbo.

Kwa hiyo, mimi nasema vijana waende, lakini wasiende hivi hivi. Waende wakijua watakachouliza. Nitawapa mifano mitatu ya mambo ya kuuliza huko India.

La kwanza ni ushirika wa sukari. Katika jimbo la Maharashtra, mahali panapoitwa Pravaranagar, wakulima wa miwa waliungana wakajenga kiwanda chao wenyewe. Kiongozi wao alikuwa mkulima, Vithalrao Vikhe Patil, akisaidiwa na mtaalamu wa uchumi, D. R. Gadgil. Kiwanda kilianza kusaga mwishoni mwa mwaka 1950. Mkulima ananunua hisa, kiwanda kinakuwa chake, na meneja anaajiriwa na wakulima. Baada ya hapo viwanda vya ushirika vilienea katika jimbo lile lote. Sisi hapa tumezungukwa na miwa. Tuna kiwanda Awendo na kiwanda Ndhiwa. Tunajua miwa ikikatwa ikalala shambani siku nyingi uzito unapungua na sukari inapungua, na hasara inamwangukia yule asiye na sauti. Basi vijana waulize: hisa inauzwaje? Nani anapima miwa, na mkulima anaonyeshwaje mizani? Malipo yanatoka baada ya siku ngapi? Wakati kiwanda kinapopata hasara, nani anajua kwanza?

Lakini wasiishie kwenye ofisi ya kiwanda, na hili ndilo jambo la pili. Waende mashambani kwa wakata miwa. Katika Maharashtra wakata miwa wengi hutoka wilaya kavu kama Beed, wakahama na familia zao kila msimu. Mume na mke huhesabiwa pamoja kama kitu kimoja, na kitu hicho huitwa "koyta", maana yake mundu. Sikilizeni vizuri: watu wawili wanaitwa kwa jina la chombo kimoja cha kukatia. Mnyapara wa huko huwapa fedha kabla ya msimu, nao huifanyia kazi mpaka deni liishe. Siku wasipofanya kazi, hukatwa. Mwaka 2019 habari zilienea kwamba wanawake wengi wakata miwa wa Beed walikuwa wametolewa vizazi hospitalini, wengine wakiwa bado vijana, na jambo la kuogopa kukosa siku za kazi likatajwa miongoni mwa sababu. Serikali ya jimbo ikaunda kamati kuchunguza.

Kwa nini nawaambia jambo hili la huzuni? Kwa sababu mgeni anayeonyeshwa kiwanda kilichopakwa rangi, akapewa chai na maua, atarudi kusema kwamba ushirika umeondoa shida zote. Ushirika wa wakulima si ushirika wa wakata miwa. Mkulima anaweza kuwa na hisa, na huyo anayeinama juani akawa hana kitu. Na sisi tuna wakata miwa wetu. Tukijifunza nusu ya jambo, tutaleta nusu ya dawa.

Jambo la tatu lawahusu akina mama wanaouza omena, ndizi na nyanya hapa Rodi, na vijana wa bodaboda. Mara nyingi huambiwa, "Nyinyi hamna mwajiri, chama chenu ni cha kazi gani?" Katika mji ule ule wa Ahmedabad, mwaka 1918, wafanya kazi wa nguo waligoma wakidai nyongeza ya asilimia 35, na pamoja nao alikuwa Gandhi na mama mmoja, Anasuya Sarabhai, ambaye ndugu yake mwenyewe alikuwa mwenye kiwanda. Mgomo ule ulizaa chama mwaka 1920. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, katika idara ya wanawake ya chama hicho, alikuwako mwanasheria jina lake Ela Bhatt. Aliwaona wanawake wanaobeba mizigo kichwani, wanaouza mboga na wanaoshona nguo majumbani. Mwaka 1972 wakaanzisha chama chao, SEWA. Wakubwa walikataa kwanza kukiandikisha, wakisema hawana mwajiri wa kugombana naye. Wao wakajibu kwamba chama ni kwa ajili ya kuwaunganisha wafanya kazi, si lazima kiwe cha kupigana na mtu. Kikaandikishwa. Mwaka 1974 wanawake 4,000 walitoa rupia 10 kila mmoja, wakafungua benki yao, kwa sababu benki nyingine hazikutaka kumkopesha mtu asiyejua kusoma. Mama wa sokoni hapa anayekopa asubuhi na kurudisha jioni pamoja na faida ya mwenye fedha, hebu asikilize hadithi hiyo mara mbili.

Sasa narudi kwa mzee wetu na swali lake la buti.

Mzee, buti ni lazima. Lakini buti si deni la mfuko wetu wa elimu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa wafanya kazi walio katika hatari. Tukinunua buti kwa ada zetu, tunamlipia mwajiri deni lake, na mwaka ujao atatuachia na glavu tununue sisi. Buti zidaiwe kwa barua, kwa mkutano na kwa mkaguzi wa serikali. Na ili tudai vizuri tunahitaji watu waliosoma na kuona. Hata hivyo, Mzee, neno lako limenifundisha. Umetuambia kwamba safari hii isiwe ya watu wasiojua maumivu ya mguu usio na buti. Kwa hiyo naleta mapendekezo yafuatayo, na naomba yaandikwe katika kumbukumbu:

1. Kundi lipunguzwe, na katika wale watakaokwenda awepo mkata miwa mmoja na mama mmoja wa sokoni, waliochaguliwa na wenzao kwa kura. Wanafunzi watawasomea maandishi. Wao watawafundisha wanafunzi kutazama.

2. Waende wakati wa msimu wa kusaga, ambao huko Maharashtra huanza karibu Oktoba au Novemba na kwenda mpaka Machi au Aprili. Atakayekwenda Julai atakuta mvua na kiwanda kimefungwa.

3. Mkalimani asiwe mtu wa meneja. Watu wa Maharashtra husema Kimarathi na wa Ahmedabad husema Kigujarati. Vyama vya wafanya kazi vya huko viombwe mapema vitupatie mtu wa kutafsiri.

4. Karatasi zitayarishwe mapema: pasipoti, viza, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho India humtaka msafiri atokaye Kenya awe nacho. Mtu asirudishwe uwanja wa ndege kwa uzembe, na fedha ya chama ikapotea.

5. Kila msafiri atie sahihi kwamba katika siku 30 baada ya kurudi ataleta taarifa ya maandishi kwa Kiswahili au kwa Kijaluo, na kwamba ataisoma mbele ya wanachama hapa Rodi, Ndhiwa na Homa Bay, na kujibu maswali. Asiyefanya hivyo arudishe nauli.

6. Hesabu ya kila shilingi ibandikwe ukutani, ofisini, mahali ambapo kila mtu ataiona.

Ndugu zangu, vijana hawa wananitazama sasa, na naona baadhi yao hawakupenda pendekezo la kwanza. Walikuwa wamepanga kwenda wote pamoja. Nawaambia kwa upendo kama baba yenu: nafasi mtakayoiacha haipotei. Mkifanya vema, kundi la pili litakwenda, na la tatu. Wanafunzi 81 wa mwaka 1959 walifuatwa na mamia kwa sababu wale wa kwanza hawakuwaaibisha waliowachangia. Mkifanya vibaya, mlango utafungwa, na atakayefungiwa si nyinyi ila wadogo zenu.

Na sisi wazee tusiwe wachoyo. Wazazi wetu hawakuwa na buti, wala baiskeli, na bado waliuza ng'ombe ili mtoto wa mwingine apande ndege. Sisi tulikula matunda ya ng'ombe wale: ni wao walioleta walimu, waganga na makatibu wa vyama. Ni zamu yetu sasa.

Mtakapoinua mikono baadaye, msiinue kwa sababu ya maneno yangu, wala msikatae kwa sababu ya yule mtu wa suti mpya. Tazameni masharti, muulize kama yanatosha. Kama hayatoshi, yaongezeni. Baada ya hapo, tukikubali, tukubali wote, na tukilipa, tulipe wote.

Nimekwisha. Umoja ni nguvu.

(Baada ya hotuba maswali yaliulizwa kwa muda mrefu. Wanachama walikubali mapendekezo yote sita, na wakaongeza la saba: barua ya kudai buti ipelekwe kwa mwajiri kabla ya msafiri yeyote hajakata tikiti.)